Huduma ya Macho Karibu na Nyumbani: Mahali pa Kuanzia na Maswali ya Kuuliza

Mchumaji wa chai anayeona kilo zake zikipungua msimu baada ya msimu kwa kawaida hulaumu mgongo, magoti au umri. Ni wachache wanaofikiria macho. Hata hivyo kuchuma majani mawili na chipukizi ni kazi ya macho kama ilivyo kazi ya vidole, na kuanzia takriban umri wa miaka 40 jicho la kila binadamu huanza kupoteza uwezo wa kuona vizuri vitu vilivyo karibu.

Jambo hili limepimwa shambani. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la The Lancet Global Health lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika mashamba ya chai ya jimbo la Assam, India. Wachumaji 751 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, waliokuwa na shida ya kuona karibu, waligawanywa kwa makundi mawili. Kundi moja lilipewa miwani ya bei nafuu mara moja, na lingine likapewa baada ya utafiti kumalizika. Wenye miwani waliongeza kiasi cha majani waliyochuma kwa siku kwa takriban asilimia 22 zaidi ya wenzao. Waliofaidika zaidi ni wale waliopita umri wa miaka 50.

Kwa mkazi wa Konoin, Bureti, Belgut au Bomet ya Kati anayelipwa kwa kilo katika kituo cha kununulia majani, tofauti ya moja kwa tano si ndogo. Hiyo ni karo au mbolea. Lakini si kila jicho linalofifia linahitaji miwani tu. Mengine yanahitaji upasuaji, mengine dawa ya kila siku, na mengine yanahitaji kufika hospitalini siku hiyo hiyo. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutofautisha, mahali pa kuanzia, na maswali ya kuuliza kabla ya kulipa nauli au ada ya kliniki.

Kipimo cha dakika moja nyumbani

Watu wengi hugundua kwamba jicho moja halioni siku ambayo lile zima linapoingia vumbi. Sababu ni kwamba macho mawili hufanya kazi pamoja, na jicho zima huficha upungufu wa lenzake kwa miezi au hata miaka.

Kipimo rahisi ni kufunika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, kisha kutazama kalenda iliyo ukutani upande wa pili wa chumba. Baadaye jicho la pili hufunikwa na kalenda hiyo hiyo kutazamwa kutoka mahali pale pale. Kama jicho moja linaona hafifu kuliko jingine, kama mistari iliyonyooka inaonekana imepinda, au kama kuna sehemu yenye giza, huo ni wakati wa kutafuta huduma. Familia inaweza kufanya hivi mara moja kwa mwezi, wazee na watoto pamoja.

Nani ni nani katika huduma ya macho

Wagonjwa wengi hupoteza muda na pesa kwa sababu walimwendea mtaalamu asiyehusika na shida yao. Wanaohudumia macho hawafanyi kazi moja.

Daktari bingwa wa macho ni daktari aliyesomea udaktari kisha akabobea katika macho. Ndiye anayefanya upasuaji mkubwa na kutibu magonjwa magumu. Afisa wa kliniki wa macho ni afisa wa kliniki aliyepata mafunzo ya ziada ya macho. Katika hospitali nyingi za umma ndiye mgonjwa anayemwona kwanza, na baadhi yao wamefunzwa pia kufanya upasuaji wa mtoto wa jicho. Yupo pia muuguzi wa macho, anayetoa huduma za awali na kuwaangalia waliofanyiwa upasuaji.

Mpima macho hupima uwezo wa kuona na kuandika nambari za miwani. Fundi wa miwani hukata lenzi na kuziweka kwenye fremu. Wawili hawa ni muhimu sana kwa mtu anayehitaji miwani, lakini duka la miwani si mahali pa kutibu jicho linalouma, lililojeruhiwa au lenye usaha.

Mhudumu wa duka la dawa hayumo katika orodha hii. Matone ya macho yanayofanana kwa chupa yanaweza kuwa na dawa tofauti kabisa ndani. Baadhi yana dawa za jamii ya steroidi, ambazo hupunguza wekundu na muwasho haraka na kumfanya mtu aamini amepona. Zikitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi, dawa hizo zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Zikitumiwa kwenye jicho lenye kidonda kilichosababishwa na kuvu, zinaweza kulipofusha.

Mahali pa kuanzia

Mlango wa kwanza ni mhamasishaji wa afya ya jamii anayetembelea nyumba kijijini. Serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa wahamasishaji zaidi ya 100,000 mwezi Septemba 2023, na katika kaunti za Bomet na Kericho wao ni majirani wanaozungumza lugha ya nyumbani. Mzee asiyeelewa vizuri maelezo ya Kiswahili au Kiingereza anaweza kuelezwa kwa Kipsigis, na anaweza kuomba mhamasishaji huyo aandike au asimulie historia ya shida yake kwa hospitali.

Mlango wa pili ni zahanati, ambayo ni ngazi ya 2, na kituo cha afya, ambacho ni ngazi ya 3. Huko jicho jekundu la kawaida hutibiwa, jeraha dogo husafishwa, na mgonjwa anayehitaji zaidi hupewa barua ya rufaa. Barua hiyo ni ya kutunzwa. Humwonyesha mtaalamu kilichokwisha kufanywa na humwondolea mgonjwa gharama ya kurudia vipimo.

Mlango wa tatu ni hospitali. Kwa wakazi wa Kericho, hospitali ya rufaa ya kaunti iko mjini Kericho, na kusini mwa kaunti kuna hospitali ya Kapkatet. Kwa wakazi wa Bomet, hospitali ya rufaa ya kaunti iko Longisa. Kilomita chache kutoka mji wa Bomet, karibu na Silibwet, iko Hospitali ya Tenwek iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937. Tenwek ina kitengo cha macho chenye madaktari bingwa na huduma ya upasuaji, na hupokea wagonjwa kutoka kaunti za jirani pia.

Kabla ya kusafiri, inafaa kupiga simu au kumtuma mtu aulize siku ya kliniki ya macho. Katika hospitali nyingi kliniki hiyo haifanyiki kila siku, na siku ya upasuaji huwa tofauti na siku ya uchunguzi. Mzee aliyesafirishwa kwa bodaboda kutoka Siongiroi au Kipkelion na kuambiwa arudi Alhamisi mara nyingi harudi tena.

Kliniki za madaktari kadhaa: maswali sita

Katika miji ya Kericho, Litein, Sotik na Bomet zipo kliniki za kibinafsi ambamo wataalamu kadhaa hufanya kazi chini ya paa moja. Mmoja huona watoto, mwingine wajawazito, mwingine meno. Mara nyingi ubao wa nje huandikwa pia “macho”. Kliniki ya aina hii inaweza kuokoa muda mwingi, hasa kwa mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu anayeweza kuhudumiwa yote mahali pamoja. Lakini neno “macho” kwenye ubao halielezi ni nani anayehudumu wala ana vifaa gani. Maswali sita yanatosha kujua.

Swali la kwanza ni nani atakayemwona mgonjwa. Je, ni daktari bingwa wa macho, afisa wa kliniki wa macho, au mpima macho? Jibu zuri hutaja kada ya mtu na siku anazokuwapo. Baadhi ya kliniki hupokea daktari bingwa anayekuja kutoka mji mwingine mara moja kwa wiki au kwa mwezi. Hilo halina ubaya, ila mgonjwa ajue siku hiyo na pia ajue ni nani atakayemsaidia akipata shida siku nyingine.

Swali la pili ni vifaa. Kwa uchunguzi kamili panahitajika ubao wa herufi, kifaa cha kupima presha ya jicho, darubini yenye taa ya kuchunguza sehemu ya mbele ya jicho, na kifaa cha kutazama ndani hadi kwenye retina. Mahali penye ubao wa herufi na sanduku la lenzi pekee panafaa kwa miwani, si kwa magonjwa.

Swali la tatu ni kama mboni zitapanuliwa kwa matone. Matone hayo hufanya macho yaone ukungu na kuumizwa na mwanga kwa saa kadhaa. Kwa hiyo mgonjwa aje na mtu wa kumrudisha nyumbani, na asiendeshe pikipiki wala gari siku hiyo.

Swali la nne ni kama kliniki inafanya upasuaji yenyewe au inapeleka wagonjwa kwingine. Kama inapeleka, ni wapi, na nani atakayemwangalia mgonjwa baada ya upasuaji?

Swali la tano ni gharama yote. Ada ya kumwona mtaalamu, vipimo, dawa na miwani vinaweza kutozwa kando kando. Ni haki ya mgonjwa kuuliza jumla kabla ya kuanza, na kuuliza kama kliniki ina mkataba na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na kwa huduma zipi.

Swali la sita ni leseni. Kila kituo cha afya hupaswa kuwa na leseni ya mwaka husika kutoka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini, na leseni hiyo hubandikwa mahali panapoonekana. Maafisa wa kliniki nao husajiliwa na baraza lao. Mtu anayeuliza leseni hamkosei adabu yeyote. Kliniki inayofuata sheria huionyesha bila maneno.

Baada ya kupimwa, mgonjwa aombe matokeo kwa maandishi. Mara nyingi huandikwa kwa namba mbili, kama 6/6 au 6/60. Namba ya kwanza ni umbali wa mita 6 kutoka kwenye ubao. Ya pili ni umbali ambao jicho zima lingeweza kusoma mstari ule ule. Mwenye 6/60 husoma kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 60. Kila jicho huandikiwa namba zake, na karatasi hiyo ikitunzwa huonyesha mwaka ujao kama macho yamebaki vile vile au yameshuka.

Mtoto wa jicho: upofu unaorekebishika

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi angavu. Kadiri umri unavyosonga lenzi hiyo hugeuka kuwa na ukungu, na hapo ndipo watu husema mtu ana mtoto wa jicho. Mgonjwa huona kama anatazama kupitia kioo chenye mvuke, hupata shida na taa za magari usiku, na hatimaye mboni huonekana nyeupe.

Ugonjwa huu ndio chanzo kikuu cha upofu miongoni mwa wazee. Utafiti uliofanywa mwaka 2007 na 2008 katika Nakuru, inayopakana na Kericho na Bomet, uliwapima zaidi ya watu 4,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi na ukathibitisha hali hiyo. Hakuna matone, miti shamba wala miwani inayouondoa. Dawa yake ni upasuaji.

Katika upasuaji huo mgonjwa hudungwa ganzi kando ya jicho, hivyo huwa macho lakini hasikii maumivu. Lenzi yenye ukungu hutolewa na lenzi ndogo ya plastiki huwekwa mahali pake, nayo hubaki humo maisha yote. Jicho lenyewe halitolewi nje, kinyume na hofu inayosimuliwa vijijini. Kazi hii huchukua chini ya saa moja, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake bandeji ikishaondolewa. Matone hutumiwa kwa wiki kadhaa. Katika muda huo mgonjwa haruhusiwi kusugua jicho, kubeba gunia au mtungi mzito, wala kuinama kwenye moshi wa jikoni.

Imani ya zamani kwamba lazima ugonjwa “ukomae” kabla ya upasuaji imepitwa na wakati. Upasuaji hufanywa mara ukungu unapoanza kumzuia mtu kufanya kazi zake. Kusubiri miaka mingi hufanya lenzi iwe ngumu na kazi ya daktari iwe nzito zaidi. Vivyo hivyo, familia nyingi za wakulima husubiri bonasi ya chai ndipo zimpeleke mzee hospitalini. Ni vizuri kumpeleka mapema apimwe, kwa sababu si kila ukungu ni mtoto wa jicho. Huenda ni ugonjwa usiosubiri bonasi.

Presha ya jicho: mwizi asiyebisha hodi

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huharibu mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Haihusiani moja kwa moja na shinikizo la damu, na mtu mwenye shinikizo la kawaida anaweza kuwa nayo. Aina iliyoenea zaidi haiumi na haileti wekundu. Huanza kula uwezo wa kuona pembeni, na kwa kuwa mtu bado anaona vizuri mbele yake, hajui lolote. Anapoanza kugonga milango na kujikwaa kwenye mitaro ya shamba, sehemu kubwa imekwisha kupotea.

Kilichopotea hakirudishwi. Matibabu, ambayo mara nyingi ni matone ya kila siku kwa maisha yote na wakati mwingine upasuaji, hulinda kilichobaki. Ndiyo sababu wataalamu hushauri kila mtu aliyefikisha miaka 40 apimwe presha ya jicho na kuchunguzwa mshipa huo, hata kama anaona vizuri. Aliye na mzazi au ndugu mwenye glakoma yuko katika hatari kubwa zaidi. Mgonjwa akigunduliwa, ndugu zake wote wa tumbo moja na watoto wake wakubwa wapimwe pia.

Anayeishiwa matone arudi kliniki kabla chupa haijakauka. Kuacha dawa kwa sababu “naona sawa” ndiyo njia ya haraka ya kupofuka kwa ugonjwa huu.

Kisukari na macho

Sukari nyingi katika damu huharibu mishipa midogo ya retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha. Mwanzoni hakuna dalili. Kila mgonjwa wa kisukari anapaswa kuchunguzwa retina mara moja kwa mwaka, mboni zikiwa zimepanuliwa. Anapokwenda kuchukua dawa za kisukari katika hospitali au kliniki yake, aulize tarehe ya kuchunguzwa macho iandikwe kwenye daftari lake kama zinavyoandikwa tarehe nyingine.

Majeraha ya shambani

Eneo la chai lina hatari zake. Wakati wa kupogoa, vijiti vikavu huruka. Kuna majani makali ya mabingobingo na mahindi, vipande vya kuni vinavyorushwa na shoka, na dawa za kunyunyizia mimea au kuoshea mifugo.

Kidonda kidogo kinachosababishwa na jani au kijiti kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ni hatari kuliko kinavyoonekana. Bakteria na kuvu kutoka kwenye mmea huingia hapo, na ndani ya siku chache doa jeupe huanza kuonekana. Doa hilo likiacha kovu katikati ya kioo, jicho halitaona vizuri tena. Aliyechomwa jicho na mmea na kuona bado linauma au ni jekundu kesho yake aende hospitali bila kupitia duka la dawa.

Kemikali ikiingia jichoni, iwe dawa ya shambani, chokaa au saruji, tiba ya kwanza ni maji safi na huanza palepale. Jicho hufunuliwa na kumwagiwa maji mfululizo kwa dakika 15 hadi 30, kisha mgonjwa hupelekwa hospitali pamoja na chupa au kibandiko cha kemikali hiyo. Kukimbilia hospitali kabla ya kuosha ni kosa, kwa sababu kemikali huendelea kuchoma njiani.

Kitu kikichoma na kubaki ndani ya jicho, kisitolewe nyumbani. Jicho lifunikwe kwa kikombe safi cha karatasi au plastiki bila kubonyezwa, na mgonjwa apelekwe haraka. Maziwa, mkojo, utomvu wa mimea na sukari havipaswi kuwekwa kwenye jicho lolote. Miwani ya kujikinga wakati wa kupogoa, kunyunyizia na kupasua kuni ni rahisi kuliko safari moja ya kwenda hospitali.

Watoto na shule

Mtoto hasemi “sioni”, kwa sababu hajui wengine wanaona vipi. Husogelea ubao, hushika kitabu karibu na pua, hufinya macho, au huonekana mzembe. Mwalimu anayemhamisha mtoto dawati la mbele na kuona alama zake zinapanda amekwisha kumgundua. Kinachobaki ni kumwarifu mzazi.

Utafiti uliofanywa katika shule 50 za Trans Nzoia na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba walimu waliofunzwa wanaweza kupima macho ya wanafunzi kwa simu ya mkononi. Pale ambapo wazazi walionyeshwa picha ya jinsi mtoto wao anavyoona na kukumbushwa kwa ujumbe mfupi, watoto 54 kati ya 100 waliopewa rufaa walifika hospitali. Kwa njia ya kawaida ya barua, walifika 22 tu kati ya 100. Kwa hiyo kumgundua mtoto ni nusu ya kazi. Mzazi naye lazima ampeleke.

Miwani haidhoofishi macho ya mtoto na haimfanyi ayategemee zaidi. Jicho lenye makengeza au lenye kuona hafifu lisipotibiwa utotoni huzoea kutotumika, na baadaye hata miwani nzuri haisaidii.

Dalili mbili hazisubiri. Ya kwanza ni mng'ao mweupe ndani ya mboni ya mtoto mdogo, ambao wakati mwingine huonekana kwanza kwenye picha ya simu. Huenda ni saratani ya jicho, ambayo ikiwahiwa huokoa maisha ya mtoto. Ya pili ni macho ya mtoto mchanga kuvimba na kutoa usaha siku za kwanza baada ya kuzaliwa. Hali hiyo inaweza kupofusha ndani ya siku chache. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 nao wapelekwe kupata vitamini A kila baada ya miezi 6, ikiwemo wakati wa wiki za Malezi Bora.

Upande wa Chepalungu na mpaka wa Narok

Sehemu za chini zilizo kavu, kuelekea Mulot, zina hali tofauti na milima ya chai. Kaunti jirani ya Narok ni miongoni mwa zile ambazo zimeathiriwa na trakoma, ugonjwa unaoenezwa na mikono, nguo na nzi wanaotua kwenye macho ya watoto. Maambukizi yakirudiarudia, kope hujikunja ndani na kukwaruza kioo cha jicho hadi mtu apofuke. Kinga yake ni kunawisha watoto nyuso kila siku, kutumia vyoo, na kumeza dawa zinapogawiwa. Mtu mzima anayeng'oa kope kwa kibano kila mara kwa sababu zinamchoma anahitaji kuchunguzwa. Upasuaji mdogo wa kope humaliza tatizo hilo.

Gharama na SHA

SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mkazi hujisajili kwa simu kupitia *147# au kwa msaada wa mhamasishaji wa afya. Aliyejisajili hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 bila malipo.

Upasuaji na kulazwa hospitalini hulipiwa kutoka hazina ya bima, na huko mchango lazima uwe umelipwa. Wenye ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Wasio na ajira rasmi, wakiwemo wakulima wadogo, hukadiriwa kulingana na hali ya nyumba, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kabla ya siku ya upasuaji, mgonjwa aulize ofisi ya SHA iliyo hospitalini mambo mawili: kama idhini imetolewa, na ni kiasi gani kitabaki cha kulipa mwenyewe.

Siku ya kwenda kliniki

Mgonjwa abebe kitambulisho, barua ya rufaa, daftari la kliniki, miwani yoyote anayotumia hata kama ni ya zamani, na chupa zote za matone na dawa anazomeza. Aende na mtu wa kumsindikiza. Aandike au akumbuke mambo matatu: shida ilianza lini, ilianza jicho gani, na kama kuna mtu wa ukoo aliyepofuka.

Siku ya Afya ya Macho Duniani huadhimishwa Alhamisi ya pili ya Oktoba kila mwaka, na mara nyingi hospitali huitumia kupima watu. Ni tarehe rahisi kukumbuka katika nyumba za wakulima wa chai, kwa kuwa huja karibu na wakati wa bonasi.

Zifuatazo ni dalili za kwenda hospitali siku hiyo hiyo, bila kusubiri kliniki wala soko:

- Kuacha kuona ghafla, kwa jicho moja au yote mawili.
- Kemikali kuingia jichoni, baada ya kuosha kwa maji.
- Jicho kuchomwa, kupasuka au kupigwa kwa nguvu.
- Jicho jekundu linalouma pamoja na kuona ukungu au kuumizwa na mwanga.
- Kuona miali ya mwanga, vitone vingi vyeusi, au kivuli kama pazia.
- Maumivu au kushuka kwa uwezo wa kuona baada ya upasuaji wa jicho.
- Mboni nyeupe kwa mtoto, au usaha machoni mwa mtoto mchanga.